Mwaka Vipeo Viliposhuka Chini

Bi Tatu alinipigia simu mwenyewe kunipa habari za msiba. Hajawahi kuiamini simu hata siku moja, kwa hiyo alizungumza kwa sauti ya kumwita mtu aliye ng'ambo ya mto. "Zuhura! Mzee wako katangulia! Kajinyoosha baada ya chakula, naenda kumwamsha aswali alasiri, kumbe mwenzangu keshaondoka!" Mazishi sikuyawahi, nilikuwa mbali kikazi, lakini arobaini nilikwenda. Baada ya dua tulikaa uani kwake pale Kibiti, wanawake upande huu, wanaume upande ule, masinia ya pilau yakipita juu ya vichwa vyetu. Mara akaingia mzee mrefu mwembamba, kavaa koti la suti katika joto lile, akampa Bi Tatu mkono wa pole, kisha akageuka akaniona. Nilimjua kabla hajavua miwani. Alikuwa Mwalimu Tuntufye, aliyekuwa akifundisha hesabu sekondari, mtu wa Mbeya aliyeletwa Kibiti kwa uhamisho halafu akagoma kuondoka. Nikainuka nimwamkie. Hakusubiri shikamoo yangu. Alininyooshea kidole mbele ya watu wote akasema, "Hamsini na saba."

"Arobaini na moja, Mwalimu," nikajibu.

Basi tukacheka. Tulicheka mpaka shehe akaacha kutafuna, na binti mmoja wa ukoo akamnong'oneza mwenzake kwamba msiba umetupanda kichwani. Bi Tatu peke yake ndiye aliyeelewa. Alijifunika kanga usoni, mabega yakimtikisika, watu wakadhani kilio kimeanza upya wakamkimbizia maji. Kwenye gari la kurudi Dar niliona kwamba wote tuliokuwa tukitaniana kwa namba zile tulikuwa wanne, na sasa tumebaki watatu. Ndiyo sababu naandika.

Mambo ya nilikozaliwa na nani alinilea nitayaacha, hayana tofauti na ya wengine. Nianze na chumba. Mwaka ule nilikuwa na miaka ishirini na mmoja, na kazi yangu ilikuwa kupiga chapa katika chumba cha marehemu Bwana Shaweji, kando ya barabara kuu, kabla daraja la Rufiji halijakamilika, magari ya kusini yakiwa bado yanapanga foleni kungoja pantoni pale Ndundu. Bwana Shaweji alikuwa karani wa chama cha ushirika kwa zaidi ya miaka ishirini. Soko huria lilipokuja, wanunuzi binafsi wa korosho wakaingia na mizani zao, makarani wakapunguzwa. Wenzake walinunua mashine za kusaga. Yeye alikwenda Dar akarudi na kompyuta iliyokwisha kutumika, printa yenye kelele ya cherehani mbovu, na jenereta dogo. Watu walimwonea huruma. Walisema Shaweji kanunua televisheni isiyoonyesha mpira.

Kompyuta ile ilitunzwa kuliko mgonjwa. Ilifunikwa kitambaa alichofuma mkewe, Bi Tatu, na kuingia chumbani ilikuwa lazima uvue viatu. Bwana Shaweji alikuwa amesoma mahali kwamba kompyuta hushambuliwa na virusi, kwa hiyo mteja mwenye mafua alihudumiwa dirishani. Nilijaribu kumweleza kuwa virusi vile si vya makamasi. Akaniuliza, "Wewe umeviona?" Nikasema sijaviona. "Basi aendelee kusimama dirishani." Alikuwa mtu wa kuvaa shati lililopigwa pasi hata akiwa anamimina mafuta kwenye jenereta, na alipoandika namba saba aliikata katikati kwa kistari, kama walivyofundishwa makarani wa zamani ili saba isije ikageuzwa moja.

Ukuta mmoja wa chumba chetu ulikuwa ubao mwembamba tu. Upande wa pili palikuwa na mgahawa wa chai na vitumbua, na wazee wa pale walikuwa wakiisikia printa na kuijadili siku nzima. Nilikuwa nikipiga barua ya mtu ya kuomba kiwanja huku nawasikia.

"Ati ile mashine inajua kila kitu."

"Inajua korosho msimu huu itauzwaje?"

"Hiyo haijui."

"Basi haijui kitu."

Saa saba mchana Bi Tatu alituletea chakula yeye mwenyewe kwenye kapu. Ugali wa muhogo na kambale wa kuchemshwa kwa ukwaju, siku nyingine wali wa nazi na kisamvu. Tulikula sakafuni, mbali na kompyuta, migongo tumeipa. Lakini tangu mwanzo wa mwaka kulikuwa na jambo. Kila Jumamosi Bwana Shaweji alisema anakwenda Nyamwage kufuata mikeka ya kuuza. Nyamwage iko kusini ya mto. Uende ukangoje pantoni, uvuke, utafute gari, urudi magharibi imeingia, umechoka. Na kila Jumamosi alirudi na mkeka mmoja. Mmoja tu, na hakuuuza. Nyumba ikajaa mikeka. Siku moja Bi Tatu aliweka kapu chini, akasema taratibu, "Zuhura mwanangu. Mkeka wa Nyamwage una nini ambacho wa Kibiti hauna?" Nikasema sijui, labda rangi. "Mie naujua," akasema. "Una mtu amekaa juu yake." Tangu siku ile kisamvu kilikuja na chumvi nyingi.

Mwaka ule ndipo Mwalimu Tuntufye alipokuja na diski. Alivua viatu, akasimama na soksi zake, akaitoa diski kwenye bahasha kama mtu anayetoa hirizi. Mdogo wake alikuwa chuo kikuu Dar, ambako kulikuwa na intaneti, na alikuwa amemhifadhia humo kurasa nzima za maswali ya hesabu, zilizoandikwa na walimu wa nchi za mbali. "Zuhura, humu ndani mna hesabu za dunia nzima," akaniambia. Alitaka mtihani wa majaribio wa kidato cha nne. Alikuwa ameyachagua maswali kwenye orodha. Kazi yangu ilikuwa kuyatafuta kwenye kurasa zile, kuyanakili, kuyabandika kwenye karatasi ya mtihani. "Hakuna kuchapa hata herufi moja. Unanakili, unabandika. Kosa litatoka wapi?"

Hapo lazima niseme ukweli wangu. Kidato cha nne nilikuwa nimemaliza, na cheti changu kilikuwa na F ya hesabu. Niliziheshimu namba kama mtu anavyomheshimu mbwa wa jirani, kwa kupita mbali. Kwa hiyo habari ya kutochapa hata herufi moja ilinifurahisha sana. Aliniachia pia majibu yake, ameyaandika kwa mkono, niyachape baadaye. Niliyafungia kwenye saraka ya meza yangu na ufunguo nikautundika shingoni. Jioni yake malaria ikamwangusha Mwalimu, akalala wiki nzima, akatuma neno tu kwamba stensili zikishakuwa tayari zipelekwe shuleni zikadurufiwe, na nakala nyingine ziwekwe kwenye bahasha zivushwe mto, kwa watahiniwa wa kujitegemea wanaosomea Nyamwage.

Nilimaliza kwa saa moja. Nilijiona fundi. Swali la kwanza kwenye ukurasa lilikuwa mbili yenye tano ndogo imekaa juu kwenye bega lake, kujumlisha tatu yenye mbili ndogo juu. Nikanakili, nikabandika. Kwenye karatasi ya mtihani ikatokea 25 + 32. Niliona ile tano imeshuka, sitasema sikuiona. Lakini namba zote zilikuwepo, na nilidhani kule juu zilikaa kwa urembo. Swali la nne lilikuwa nusu kujumlisha theluthi, likaja 12 + 13. Swali la tano, x yenye mbili juu ni sawa na 36, likaja x2 = 36. Swali la sita ndilo lililonitia wasiwasi kidogo. Kwenye ukurasa kulikuwa na neno "Kokotoa", kwa Kiingereza, na mbele yake alama ya kipeuo imeifunika 49. Nilipobandika lilikuja neno lilelile, kisha nukta, kisha hakuna kitu. Baadaye sana nilijifunza kwamba alama ile haikuwa maandishi, ilikuwa picha iliyobandikwa ukurasani, na mashine yetu ilichukua maneno ikaacha picha. Siku ile niliwaza tu kwamba hesabu za kidato cha nne zimekuwa ngumu siku hizi, mpaka nyingine haziandikwi.

Mtihani ukafanyika. Msimamizi alikuwa mwalimu wa historia. Mwanafunzi mmoja alinyoosha mkono akasema swali la sita halina swali. Mwalimu wa historia alilitazama, akaligeuza, akamrudishia. "Soma maelekezo," akamwambia. Wakasoma maelekezo. Mmoja akaandika "Tayari." Mwingine "Sifuri." Binti mmoja, ambaye leo ni hakimu na huwa namtania, aliandika "Allahu aalam" na kuipigia mstari chini mara mbili, kama tulivyofundishwa kupigia jibu la mwisho.

Mwalimu Tuntufye alinyanyuka kitandani akasahihisha akiwa bado na blanketi. Alisahihisha kwa kutazama majibu aliyoyakumbuka kichwani, karatasi ya maswali hakuigusa. Aigusie nini, maswali si ameyachagua mwenyewe? Siku ya pili alikuja kwetu bila kuvua viatu, ndipo nikajua kuna balaa. "Hamsini na saba!" akasema. "Darasa zima wameandika hamsini na saba! Jibu ni arobaini na moja. Watoto sitini wanakosaje kosa moja? Wamenakiliana, Bwana Shaweji! Wamenakiliana na kubandika!" Bwana Shaweji alikuwa akifuta kioo cha kompyuta. Akasema ni jambo la kusikitisha. "Lakini," Mwalimu akaendelea, akatoa karatasi moja kwenye mkoba, akaibusu kabisa, "kuna huyu. Mtahiniwa wa kujitegemea, wa Nyamwage. Jina sina, nina namba yake tu. Arobaini na moja! Tano juu ya sita! Sita! Na saba! Huyu hana mwalimu, karatasi yake imevuka mto kwa pantoni, na kawashinda wote."

Nilimwona Bwana Shaweji akifuta mahali palepale. Akauliza, "Karatasi yote amepataje?"

"Sitini na nane kwa mia."

"Sitini na nane," akarudia, akageukia dirisha, akakohoa. Nilidhani ni vumbi.

Siku tatu Mwalimu alitembea na karatasi ile. Aliwasomea wanafunzi mstarini. Aliionyesha mgahawani, wazee wakakubaliana kwamba watu wa ng'ambo wana akili kwa sababu ya samaki. Siku ya nne mkuu wa shule, mama mmoja wa Bukoba asiyetabasamu ovyo, aliomba aone karatasi ya maswali. Alichukua kalamu. Ishirini na tano kujumlisha thelathini na mbili. Akaandika hamsini na saba. Akaenda swali la nne, kumi na mbili kujumlisha kumi na tatu, akaandika ishirini na tano, kama walivyoandika watoto. Alipofika la sita alikaa nalo kwa muda, kisha akamwita Mwalimu Tuntufye akamwambia, "Sasa nieleze. Huyu shujaa wako wa Nyamwage aliona nini hapa mpaka akaandika saba?"

Ndivyo shujaa alivyogeuka mwizi kabla ya mapumziko ya chai. Watoto sitini wakasafishwa, mtu mmoja akabaki, na swali likawa moja: majibu ameyapata kwa nani? Majibu yaliandikwa kwa mkono mara moja tu. Yalikaa kwenye saraka yangu. Ufunguo ulikuwa shingoni mwangu.

Walikuja mchana, mkuu wa shule na Mwalimu, tukiwa sakafuni tunakula. Bi Tatu alikuwa bado yupo, anangoja vyombo. Mkuu wa shule hakunikaripia, na hilo lilinitisha zaidi. Alisema kosa la kuharibu maswali angeweza kulisamehe. Kuvujisha majibu ni jambo jingine, angelazimika kulifikisha wilayani, na mimi nisingepiga chapa tena popote. "Ulimpa nani?" Nilitaka kusema sikumpa mtu. Mkono wangu ulikuwa bado na tonge. Nakumbuka nilitafuta mahali pa kuliweka lile tonge, nikaona aibu kulirudisha kwenye sahani. Mwalimu Tuntufye alinitazama kama mtu aliyefiwa. "Zuhura," akasema, "nilikuamini na diski yangu."

Karatasi ya yule mtahiniwa ilikuwa mikononi mwake, imenielekea. Ndipo nikaiona ile saba ya swali la sita. Ilikuwa imekatwa kistari katikati.

Niliinua macho nikamtazama Bwana Shaweji. Naye alikuwa ananitazama, na alijua kwamba nimeona. Nikafikiri, akinyamaza nitanyamaza. Alikuwa amenipa kazi wakati hakuna aliyetaka F yangu, na mtu mzima wa rika lake huwezi kumvua nguo mbele ya wageni. Sijui kama huo ulikuwa wema au woga tu. Alinawa mikono. Alinawa taratibu sana, kidole kimoja kimoja, akajifuta, akafunga kifungo cha juu cha shati. Halafu akasimama.

"Mtahiniwa huyo wa Nyamwage," akasema, "ni mimi."

Upande wa pili wa ubao vikombe vilinyamaza, maana wazee walikuwa wameacha kunywa.

"Wewe nani?" akauliza mkuu wa shule.

"Mimi Shaweji. Niliishia darasa la nane. Nimefanya ukarani miaka yote hiyo, nimewaandikia barua waliosoma, nikaona kabla sijafa na mie nipate cheti. Nasoma kule Nyamwage Jumamosi kwa mwalimu mstaafu, kwa kuwa hapa Kibiti kila mtu ananijua. Mtu mzima na kaptura ya kidato cha nne, mtanicheka. Majibu sikuyaona. Lakini zile kurasa za kwenye diski nilizisoma. Kila Zuhura akienda zake nyumbani, mie nakaa hapa nafanya maswali yaliyomo. Nilipoingia kwenye mtihani nikaona hii 25 + 32. Nikasema mie hili swali nalijua. Hii tano kwao ilikuwa imekaa juu. Imeshuka njiani."

"Na la sita?" Mwalimu akauliza kwa sauti ndogo.

"La sita lilikuwa baada ya la tano, kama kule kwenye diski. Kule lilikuwa arobaini na tisa chini ya kipeuo. Hapa halikuwepo, lakini nililikumbuka."

Bi Tatu alikuwa amesimama na kapu kiunoni. "Ngoja kwanza," akasema. "Ngojeni ninyi nyote. Kwa hiyo Nyamwage hakuna mwanamke?"

"Mwanamke gani, Tatu? Kuna hesabu."

"Na mikeka?"

"Nilisema nafuata mikeka. Ningerudi mikono mitupu?"

Bi Tatu aliweka kapu chini, akakaa juu ya kiti cha wateja, akaanza kucheka na kulia pamoja, akimpiga mumewe begani kwa kanga. "Miezi minane nakutilia chumvi kwenye kisamvu!" Na kutoka ng'ambo ya ubao mzee mmoja, hakuweza kujizuia, akauliza, "Shaweji, ulisema umepata ngapi?"

Mkuu wa shule hakuwa mtu wa kushawishiwa kwa machozi. Alimwambia Mwalimu ampime. Mwalimu akachukua bahasha, akaandika nyuma yake tatu yenye nne juu, kutoa mbili yenye tatu juu, akampa Bwana Shaweji. Bwana Shaweji alihesabu kwa sauti, kama anayesoma uradi. Tatu mara tatu tisa, mara tatu ishirini na saba, mara tatu themanini na moja. Mbili, nne, nane. Akaandika 73, saba yake ikiwa na kistari. Kisha akawasha jenereta, akafungua kompyuta, akawaonyesha ukurasa wenyewe. Ile tano ilikuwa palepale juu begani, wala haikujua kilichotokea. Mwalimu alinakili kwa mkono wake, akabandika, ikashuka. Akarudia. Ikashuka tena. Akaniomba radhi, na kwa kuwa alikuwa mtu wa haki aliniomba mara mbili, mara moja kwa kunidhania kwamba nimevujisha majibu, mara moja kwa kunidhania kwamba nimeharibu maswali.

Nimefanya kazi nyingi tangu wakati ule. Leo ninaweka masomo ya sayansi na hesabu kwenye tovuti kwa ajili ya walimu wa sekondari, na sehemu kubwa ya siku zangu inakwenda kwenye jambo ambalo vijana wa ofisini huliona dogo: mwalimu akinakili mlinganyo pale ukurasani na kuubandika kwenye mtihani wake, ufike mzima. Huwaambia kwamba uzuri wa ukurasa si kazi yetu ya kwanza. Mlinganyo unaopendeza machoni halafu ukavunjika ukiguswa ni sawa na keki ya dirishani, ya kutazamwa si ya kuliwa. Wanadhani nina ukali wa uzee. Sijawahi kuwaambia kuhusu lile tonge.

Mtihani ulirudiwa, na Mwalimu alisema sitachapa tena kitu nisichoweza kukisoma. Kwa hiyo kila siku baada ya vipindi alikuja, akavua viatu, akanifundisha kusoma hesabu kwa mdomo. Tulitafuta namna ya kuziandika ambayo haitavunjika hata zikinakiliwa mara mia. Kwenye kibodi kulikuwa na kialama kama kofia iliyochongoka, hakuna aliyejua kazi yake. Tukakubaliana kwamba namba iliyo nyuma ya kofia imekaa juu. 2^5, mbili kofia tano. Kofia ni herufi kama herufi nyingine, ikinakiliwa inakwenda. Kipeuo tukakiandika kwa neno, na kilicho ndani yake tukakifunga kwenye mabano. Sehemu tukazilaza kwa mkwaju, ule mstari wa mshazari, kiasi huku, asili kule. Haikuwa nzuri kutazama. Bwana Shaweji alisema inafanana na barua ya mlevi. Lakini tuliinakili kwenye diski, tukaitoa, tukaibandika, tukaichapa, na kila kitu kilikuwa mahali pake.

Nilikuwa nikisoma kwa sauti, Mwalimu akinisahihisha, maana kipeo, ile namba ndogo ya juu begani, na kipeuo vilikuwa vinanigongana mdomoni. Wiki ya tatu nilisema "kipeuo cha pili cha tisa ni themanini na moja," na kabla Mwalimu hajafungua mdomo, sauti mbili kutoka mgahawani zikajibu kwa pamoja, "Kipeo hicho!" Mwalimu aliinuka akaenda kugonga ubao, nikadhani anawagombeza. Aliwauliza kipeuo cha pili cha mia moja na ishirini na moja. Wakanong'onezana. "Kumi na moja," wakasema. Alirudi kukaa, akavua miwani, akaifuta kwa muda mrefu.

Mtihani wa pili ulikwenda salama. Wanafunzi wengi walifeli, lakini safari hii walifeli kwa haki yao. Bwana Shaweji aliufanya shuleni kwenyewe, mstari wa mbele, Bi Tatu amemfungia vitumbua kwenye leso, na waliomcheka walicheka siku moja tu.

Matokeo ya mtihani wa taifa yalitoka mwanzoni mwa mwaka uliofuata. Tulikwenda sote shuleni kuyasoma kwenye ubao wa matangazo. Hesabu, Bwana Shaweji alikuwa amepata D. Bi Tatu alipiga vigelegele pale uwanjani, na kwa wiki nzima sokoni alijitambulisha kwamba mume wake ana D, watu wasiojua mambo ya shule wakampa heshima wakidhani ni cheo. Ila kulikuwa na mstari mwingine chini, ambao hatukuusoma kwa sauti. Kiswahili alikuwa amepata F. Yeye, mtu wa pwani, aliyewaandikia barua nusu ya wilaya. Siku mbili hakusema Kiswahili na mtu. Akikuhitaji alikusemesha Kindengereko, na mteja asiyekijua alionyeshwa kwa kidole.

Siku ya tatu alikuja mapema, shati limepigwa pasi, na fomu mbili za watahiniwa wa kujitegemea. Moja alikuwa amekwisha kuijaza. Ya pili aliilaza mbele yangu, juu ya kibodi.

"Baba," nikamwambia, "mie hesabu nilipata F."

"Na mie Kiswahili nimepata F," akasema, "na ndicho ninachootea ndoto. Jaza."

Nikaitazama. Jina langu halikuwepo, wala shule niliyotoka, hayo aliniachia. Lakini kwenye nafasi ya masomo alikuwa ameniandikia somo moja tayari, Hesabu, kwa penseli, kwa mwandiko wake wa kikarani. Nilimuuliza kwa nini penseli. Alisema ni ili nikikataa niweze kufuta. Kisha akatoka kwenda kuwasha jenereta, na kifutio akaondoka nacho mfukoni.